Kopo la Vitamini na Chungu cha Mbaazi

Katika nyumba nyingi za Amu, yaani mji wa Lamu, juu ya jokofu au ndani ya kidaka cha ukutani, hukosi kuona kopo la vitamini. Aghalabu limetoka Ghuba, limeletwa na mtoto anayefanya kazi Dubai, Jeddah au Maskati pamoja na tende na udi. Mara nyingine limenunuliwa katika duka la dawa ninakofanya kazi, huku mtaa wa Langoni, kwa bei inayomfanya mnunuzi alishike, alirudishe, kisha alishike tena. Wanaoyatumia zaidi ni wazee, na ukimuuliza mmoja wao kopo ni la nini, atakujibu bila kusita kuwa ni la moyo. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote nikiwa nyuma ya kaunta, ukiondoa lile la bei, ni kama vidonge hivi hukinga moyo kweli. Jibu langu ni kwamba kwa mtu asiye na upungufu uliothibitishwa havikingi, na kwamba madini yenye uzito kwa moyo yamo chunguni, katika uwiano wa chumvi na mboga, mahali ambapo hatupatazami kwa sababu hapana lebo. Likitolewa na mtu anayeuza vidonge hivyo hivyo, jibu hilo huwashangaza wengine na kuwaudhi baadhi yao, kwa hiyo nitalieleza hapa kwa urefu ambao kaunta hainiruhusu.

Dhana ya kwamba vitamini hukinga moyo haikuzushwa na wafanyabiashara. Ilianza kwa watafiti makini walioona, katika nchi mbalimbali, kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi hupatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wengine, na kwamba damu yao huwa na vitamini C, vitamini E na beta-karotini kwa kiwango cha juu, hiyo ya mwisho ikiwa ni ile rangi ya manjano iliyomo katika maembe, mapapai na karoti. Maabara nazo zilionyesha kwamba mafuta yanayosafirishwa na damu huweza kuharibiwa na oksijeni, kwamba mafuta yaliyoharibika hivyo ndiyo yanayochangia utando unaoziba mishipa, na kwamba vitamini hizo huzuia uharibifu huo, walau ndani ya chupa ya maabara. Hoja ilionekana kutimia kila upande, ikabaki kuwapa watu vidonge na kuhesabu mioyo iliyosalimika.

Lakini anayekula mboga nyingi hutofautiana na asiyekula kwa mambo mengi zaidi ya mboga zenyewe. Huenda havuti sigara, huenda ana kipato kizuri, huenda hutembea zaidi, na huenda kile ambacho mboga imekiondoa sahanini mwake ndicho kilichokuwa na madhara. Njia ya kuaminika ya kuyatenganisha mambo hayo ni kuwakusanya maelfu ya watu, kuwagawa kwa kura, nusu wapewe vitamini na nusu wapewe kidonge kinachofanana nacho kisicho na kitu ndani, kisha kuwafuatilia kwa miaka, huku wao na madaktari wao hawajui nani amepewa nini.

Finland walifanya hivyo kwa wanaume 29,133 wavutaji sigara, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini hawakupata kinga yoyote. Badala yake saratani ya mapafu iliongezeka miongoni mwao kwa asilimia 18, na vifo kwa jumla vikapanda. Jaribio jingine, la Marekani, lililokuwa na watu 18,314 waliovuta au waliowahi kuvuta sigara na wengine waliofanya kazi na asbesto, lilisimamishwa mapema, Januari 1996, baada ya kuonekana kwamba wanaomeza beta-karotini pamoja na vitamini A wanapatwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi na wanakufa kwa asilimia 17 zaidi. Mteja anayenunua kopo la beta-karotini huku pakiti ya sigara inaonekana mfukoni mwake mimi humweleza takwimu hizi hata kama hakuniuliza, na nadhani hilo ndilo jambo la pekee ambalo mwuza dawa hana hiari ya kulinyamazia.

Vitamini E haikuua kwa namna hiyo, ila haikusaidia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, watu 9,541 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, ambao tayari walikuwa na maradhi ya mishipa au kisukari, walipewa uniti 400 kila siku au kidonge tupu kwa takriban miaka minne na nusu. Mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vilikuwa sawa pande zote mbili, na walipoendelea kufuatiliwa ilionekana kwamba moyo kushindwa kazi kuliwapata zaidi waliokuwa wakimeza vitamini hiyo. Marekani, madaktari wanaume 14,641 walijitolea wao wenyewe kufanyiwa jaribio la vitamini E na vitamini C, na mwaka 2008 ikatangazwa kwamba hakuna hata moja iliyoukinga moyo. Kidonge cha vitamini mchanganyiko, kile kinachouzwa kuliko vyote, kilijaribiwa kwa madaktari hao hao kwa zaidi ya miaka kumi, na matokeo ya mwaka 2012 yakawa yale yale. Mwaka 2022 jopo la Marekani linaloishauri nchi hiyo kuhusu huduma za kinga lilitoa kauli kwamba vitamini E na beta-karotini zisitumiwe kwa nia ya kuzuia maradhi ya moyo au saratani, na kwamba kuhusu vitamini nyingine ushahidi hautoshi kushauri ndiyo wala hapana.

Kisa cha homosisteini, asidi ya amino iliyomo katika damu, kinanivutia zaidi, kwa sababu hapo nadharia ilithibitika kila hatua isipokuwa ile ya mwisho. Mwaka 1969 daktari wa Marekani, Kilmer McCully, alichunguza mishipa ya watoto waliofariki wakiwa na ugonjwa wa kurithi unaopandisha homosisteini katika damu, akaikuta imeharibika kama mishipa ya wazee. Ilijulikana baadaye kwamba hata watu wa kawaida wenye homosisteini ya juu kidogo hupatwa zaidi na maradhi ya moyo, na kwamba asidi ya foliki, vitamini B6 na vitamini B12 huishusha bila shida. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2006, moja la Norway kwa watu waliotoka kupata shambulio la moyo na jingine la kimataifa la watu 5,522, yalithibitisha kwamba homosisteini ilishuka kama ilivyotarajiwa. Mashambulizi ya moyo hayakushuka. Kitu kinachoandamana na ugonjwa si lazima kiwe ndicho kinachouleta, na fedha nyingi za watu wa kawaida zimepotelea katika pengo hilo.

Hata hivyo, China, mwaka 2015, jaribio la watu 20,702 wenye presha ya juu lilionyesha kwamba waliopewa dawa ya presha pamoja na asidi ya foliki walipatwa na kiharusi cha kwanza kwa asilimia 21 pungufu kuliko waliopewa dawa ya presha peke yake. Tofauti na Marekani, ambako unga huongezwa asidi ya foliki, watu wale walikuwa wakila chakula kisichoongezwa kitu, na waliofaidika zaidi walikuwa wenye foleti, yaani vitamini hiyo hiyo kama inavyopatikana chakulani, kidogo katika damu. Kenya, tangu mwaka 2012, sheria inataka unga wa ngano na unga wa mahindi unaosagwa viwandani uongezwe asidi ya foliki pamoja na vitamini na madini mengine, kwa hiyo mla mahamri na sima ya unga wa pakiti hupata sehemu yake bila kujua. Mchele haumo katika sheria hiyo, na Amu ni mji wa wali. Foleti yetu imo katika mbaazi, pojo, kunde na mboga za majani, vyakula ambavyo katika shughuli zetu siku hizi huwekwa pembeni ili kuipa nafasi nyama.

Isije ikadhaniwa kwamba vitamini hazina uhusiano na moyo. Uhusiano upo, na ni wa kutisha, ila uko upande wa upungufu. Katika miaka ya 1890, Christiaan Eijkman, daktari wa Kiholanzi aliyekuwa Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa kabisa wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi, na wakipona waliporudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani. Kilichokosekana kilikuja kutambuliwa kuwa ni thiamini, yaani vitamini B1, na Eijkman akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Aina moja ya beriberi huishambulia misuli ya moyo: miguu huvimba, pumzi hukatika, moyo hutanuka na kushindwa, na mgonjwa akidungwa thiamini kwa wakati, moyo uliokuwa ukielekea kusimama huinuka ndani ya siku chache au hata saa chache. Vilevile China, katika wilaya ya Keshan, kulizuka mwaka 1935 ugonjwa wa misuli ya moyo uliowaua hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na baadaye ikagunduliwa kwamba udongo wa sehemu hizo hauna madini ya seleniamu ya kutosha, kwa hiyo nafaka zake pia hazina. Watoto walipopewa seleniamu, ugonjwa ukapungua sana.

Mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, hana haja ya kidonge cha seleniamu, kwa kuwa samaki wa bahari ni miongoni mwa vyakula vyenye madini hayo kwa wingi. Thiamini ndiyo ya kuangaliwa. Tunakula mchele mweupe, tunauosha maji matatu au manne hadi maji yawe maangavu kabisa, na kila maji yanayomwagwa huondoka na sehemu ya vitamini B iliyobaki. Kinachotuokoa, kwa maoni yangu, ni mbaazi, pojo na samaki vinavyoandamana na wali huo. Mpishi anayetia magadi katika mbaazi ili ziive upesi hujiharibia mara mbili, kwa sababu magadi huangamiza thiamini wakati wa kupika, na juu ya hayo magadi yenyewe ni sodiamu. Kuziroweka mbaazi tangu usiku hufanya kazi ile ile bila hasara hiyo.

Majaribio ya vidonge na visa vya upungufu, vikitazamwa pamoja, havipingani. Nahodha anayepita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, wakati maji yamekupwa huijua thamani ya kila pima. Akishatoka maji makuu, kuongezeka kwa kina hakulifanyi jahazi lake lielee zaidi. Wengi wa waliojaribiwa Ulaya na Marekani walikuwa maji makuu tayari, na mteja wangu anayeletewa kopo kutoka Dubai, anayekula samaki kila siku na embe msimu ukifika, naye kwa sehemu kubwa ya vitamini yuko huko huko.

Kwa madini mawili, sodiamu na potasiamu, hali ni tofauti. Hapa wengi wetu hatuko maji makuu, bali tumekwama pande zote mbili kwa pamoja, sodiamu ikizidi na potasiamu ikipungua. Sodiamu, ambayo chanzo chake kikuu ni chumvi ya mezani, huyazuia maji mwilini. Figo zikishindwa kuitoa yote, damu huongezeka ujazo, kuta za mishipa hukaza, na presha hupanda. Potasiamu huziambia figo ziitoe sodiamu na huilegeza misuli ya mishipa. Ndiyo maana haitoshi kuuliza mtu anakula chumvi kiasi gani. Inafaa kuuliza pia anakula nini kinachoisawazisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaa kijiko cha chai, na apate walau miligramu 3,510 za potasiamu kutoka chakulani.

Sehemu ya ushahidi wa jambo hili ilipatikana hapa hapa Kenya. Katika uchunguzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1988, uliopima mkojo na presha ya watu 10,079 katika vituo 52 duniani, vituo vinne vilijitenga na vingine vyote kwa chumvi kidogo na presha ya chini isiyopanda na umri. Viwili vilikuwa vya wenyeji wa misitu ya Brazili, kimoja cha nyanda za juu za Papua New Guinea, na cha nne kilikuwa Kenya. Miaka miwili baadaye likachapishwa andiko jingine lililowafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini Nyanza kwenda Nairobi. Presha yao ilianza kupanda mapema baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha kwamba sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua ukilinganisha na jamaa zao waliobaki nyumbani. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni maisha, na sahani ikiwemo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya wazima wana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa hata siku moja. Kupimwa presha ni bure au ni kwa fedha kidogo sana katika vituo vingi, nami huwa siwaelewi watu wanaonunua vitamini za moyo za miezi mitatu ilhali hawajui presha yao ni ngapi.

Katika nchi zenye viwanda vingi vya chakula, chumvi nyingi huja imeshatiwa ndani ya mkate, jibini na nyama za makopo, na mpishi hana uwezo nayo. Kwetu bado sehemu kubwa hutiwa kwa mkono, chunguni, na kwa hiyo imo mikononi mwetu. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi, awe ng'onda au papa, ni urithi wa zama zisizo na barafu, ambapo chumvi na jua ndivyo vilivyokuwa njia ya kuweka akiba ya msimu wa kusi. Achari ya maembe na ndimu haina dhambi ikiwa kijiko kimoja, lakini siku hizi huliwa kama mboga. Juu ya hayo vimeongezeka vidonge vya kukolezea mchuzi, ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi, na ambavyo hutiwa baada ya chumvi yenyewe kutiwa. Mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani, ambaye presha yake ilikuwa haishuki licha ya dawa, alinisikiliza kwa adabu hadi nilipofika kwenye samaki, kisha akasema, "Mwanangu, papa siwati. Nambia lingine." Nilimwambia, "Basi mroweke usiku kucha, Mzee wangu, umwage maji asubuhi, umroweke tena, na mchuzi wake usitiwe chumvi hata chembe." Wala sikuwa nimebuni kitu, bibi zetu wote walimroweka papa, ila desturi imepotea kwa haraka za jikoni.

Upande wa potasiamu, pwani imejaaliwa kuliko sehemu nyingi za nchi hii, na ndiyo sababu inanisikitisha kuwaona watu wakiinunua ndani ya kopo. Glasi ya robo lita ya maji ya dafu ina takriban miligramu 600. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kinazidi kiasi hicho kidogo, gramu 100 za mchicha uliopikwa zinakikaribia au kukizidi, ndizi moja ya wastani ina takriban 400, na tende, ambazo tunazikumbuka Ramadhani peke yake, zina zaidi ya 600 katika kila gramu 100. Hesabu ya 3,510 kwa siku haina ugumu kwa mtu anayekula mbaazi asubuhi, mboga ya majani mchana na matunda jioni. Ugumu unakuja pale futari inapogeuka kuwa sambusa, bhajia na viazi vya karai, tende ikabaki ya kufungulia tu. Njia ya kupika nayo ina neno lake, kwa kuwa potasiamu huyeyuka majini: anayechemsha kisamvu au mchicha kwa maji mengi kisha akamwaga maji, amemwaga sehemu kubwa ya alichokusudia kula. Kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri kwa sababu ya sumu yake, hilo halina mjadala. Lakini mchicha, matembele na mnavu hupikika kwa maji machache yakaukie humo humo, au kwa tui. (Nazi yenyewe ni suala la mafuta na si la madini, na mjadala wake ni mrefu kiasi cha kustahili makala nyingine.)

Kwamba chakula kizima hufanya kile ambacho kidonge kilishindwa kufanya kulionyeshwa mwaka 1997 Marekani, katika jaribio la watu wazima 459 waliopikiwa na kupewa chakula chao chote kwa wiki nane. Chumvi haikupunguzwa na uzito wa miili haukuachwa ubadilike. Kilichobadilishwa ni wingi wa matunda, mboga na maziwa yasiyo na mafuta mengi, vyakula vyenye potasiamu, magnesiamu na kalsiamu kwa pamoja. Miongoni mwa waliokuwa na presha ya juu, kipimo cha juu cha presha kilishuka kwa zaidi ya milimita 11 za zebaki, na kushuka huko kunalingana na kazi ya kidonge kimoja cha presha. Ulipofika mwaka 2021, ushahidi ulivuka kutoka presha hadi uhai wenyewe. Katika vijiji 600 vya China, watu 20,995 waliokuwa wamewahi kupata kiharusi, au wenye miaka 60 na zaidi na presha ya juu, waligawiwa kwa kura ya vijiji. Nusu waliendelea na chumvi ya kawaida, na nusu walipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Baada ya takriban miaka mitano, vijiji vilivyopewa chumvi hiyo vilikuwa na kiharusi kwa asilimia 14 pungufu na vifo kwa asilimia 12 pungufu. Ukiondoa asidi ya foliki katika jaribio lile la China, hakuna kidonge chochote cha vitamini nilichokitaja hapo juu kilichowahi kukaribia matokeo hayo. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaokubali watu wazima watumie chumvi ya namna hiyo nyumbani badala ya ile ya kawaida, kwa masharti nitakayoyaeleza. Madukani Amu bado ni adimu, na inapopatikana bei yake haishindani na ya pakiti ya kawaida.

Maji ya kunywa nayo yana madini, ingawa ni wachache wanaoyahesabu. Amu hunywa maji yanayohifadhiwa na matuta ya mchanga ya Shela, na kisiwani Pate watu wametegemea visima na jabia za kukingia maji ya mvua tangu zamani. Maji ya mvua karibu hayana madini yoyote, wakati ya kisima yaliyopita katika mawe ya matumbawe huwa na kalsiamu, na bahari inapoingilia kisima, huongezeka magnesiamu na chumvi. Wataalamu walianza kuhusisha ugumu wa maji, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu ndani yake, na mishipa zamani, tangu Mjapani Jun Kobayashi mwaka 1957 na Mmarekani Henry Schroeder mwaka 1960, walioona maji yenye asidi zaidi au madini kidogo yakiandamana na vifo vingi zaidi vya mishipa ya damu, na mpaka leo magnesiamu ya majini inashukiwa kuwa na mchango wa kukinga. Pwani ya Bangladesh, ambako visima vinaingiliwa na bahari kama baadhi ya vya kwetu, wajawazito wanaokunywa maji ya chumvi walionekana kupata presha zaidi. Lakini tafiti za baadaye za pwani hiyo hiyo zilikuta kwamba wanaokunywa maji yenye chumvi kidogo tu walikuwa na presha ya chini kidogo, na watafiti wakaona kwamba kalsiamu na magnesiamu zilizomo huenda ndizo zinazoikabili sodiamu. Ninachokichukua hapo ni kwamba maji ya kisima si ya kuogopwa kwa sababu tu ni magumu. Kisima kilichoanza kuwa na ladha ya chumvi ni jambo jingine, na anayepikia wali maji yake hana haja ya kutia chumvi juu yake.

Kalsiamu ya vidonge haifai kuchukuliwa kuwa ni sawa na ile ya dagaa, maziwa au mtindi. Mwaka 2010 uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliashiria kwamba vidonge vya kalsiamu huenda vinaongeza shambulio la moyo kwa takriban asilimia 30, na wataalamu wanaubishania hadi leo; kalsiamu ya chakula kwa kawaida haishukiwi kwa jambo hilo. Vitamini D huulizwa sana na akina mama, wengi wao wakiwa hawapati jua kwa mavazi na kazi za ndani, nao wana haki ya kuuliza kwa ajili ya mifupa yao. Kwa moyo, jaribio la Marekani la watu 25,871 lililotangazwa mwaka 2018 halikuona faida yoyote.

Kwa wagonjwa wa aina tatu ushauri wangu hubadilika. Anayetumia dawa za kukojosha, kama wagonjwa wengi wa presha na wa moyo uliochoka, huweza kupoteza potasiamu na magnesiamu katika mkojo, na baadhi ya dawa hizo huondoa hata thiamini. Kwake mbaazi na ndizi zina umuhimu maradufu, na mapigo ya moyo yanayoruka au misuli inayokaza ovyo ni sababu ya kurudi kwa daktari upesi. Wa pili ni anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kwetu hao mara nyingi ni vijana ambao homa ya rumatizimu iliwaharibia valvu za moyo utotoni. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo hupingana na dawa hiyo, na wengi wameambiwa waache mboga kabisa. Lililo muhimu ni kula kiasi kisichobadilika, wiki hii kama wiki iliyopita, ili kipimo cha dawa kipangwe kulingana nacho. Anayekaa bila mboga kisha akala kisamvu siku tatu mfululizo ndiye anayejiweka hatarini.

Wa tatu ni mgonjwa wa figo, na kwake karibu kila nililoandika kuhusu potasiamu hugeuzwa. Figo zilizochoka haziwezi kuitoa, nayo ikijaa katika damu huweza kuusimamisha moyo ghafla. Baadhi ya dawa za presha pia huizuia isitoke. Huyo ndiye asiyeruhusiwa kuonja chumvi ya potasiamu, na ambaye kwake dafu na tende hupunguzwa au huachwa. Viazi vyake hukatwa vidogo na kuchemshwa kwa maji mengi, mboga yake vivyo hivyo, na maji yale ambayo kwa wengine ni hasara kuyamwaga, kwake ni lazima yamwagwe. Katika nyumba yenye mgonjwa wa figo na mwenye presha ya juu ambaye figo zake ni nzima, inabidi jikoni kuwe na sufuria mbili, na kinachoamua nani ale kutoka ipi ni kipimo cha damu cha figo na cha potasiamu, ambacho daktari ndiye huagiza, na ambacho kwa gharama hulingana na kopo moja au mawili ya yale yaliyomo kidakani.